Njama Iliyosikika: Kuuawa kwa Rwagasore na Swali la Wanafunzi Wetu

Kila mwalimu aliyewahi kusomesha kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze analifahamu swali ambalo wanafunzi hawakosi kuliuliza. Mbona Adili hakuona? Ndugu zake wawili waliitwa Hasidi na Mwivu. Aligawana nao urithi wa baba yao, wakaufuja. Akawasaidia tena, akasafiri nao, akala nao sahani moja. Mwisho wakamtosa baharini usiku. Mwanafunzi aliyeketi dawatini ameiona hatari tangu yalipotajwa majina yao, na anamshangaa mtu mwenye akili na elimu kama Adili kwa kutoiona.

Jibu tulilozoea kutoa ni jepesi. Tunasema kwamba mtunzi alitaka iwe hivyo, kwa kuwa lau Adili angeona, hadithi ingekoma katika kurasa za mwanzo. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Linamfanya mwanafunzi aamini kwamba upofu wa namna hiyo hupatikana katika ngano tu, katika nchi za Ughaibu na Janibu, na kwamba katika maisha ya kweli watu wazima hawadanganyiki kwa urahisi namna hiyo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa sivyo. Nitafanya hivyo kwa kulitazama tukio lililotokea katika mji huu wetu wa Bujumbura, usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1961: kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, Waziri Mkuu wa Burundi.

Hoja yangu ni moja. Tunadhani njama hufaulu kwa sababu imefichwa sana. Historia ya mji wetu yaonyesha kwamba mara nyingi njama haikufichwa sana. Ilisikika, ila haikumpata mtu wa kuibeba kutoka sikio lililosikia hadi mkono uliokuwa na uwezo wa kuizuia.

MSOMAJI NA MHUSIKA

Kwanza yafaa tuitambue tofauti iliyopo baina ya msomaji wa hadithi na mtu aliyemo ndani yake. Msomaji huketi juu ya mlima. Mtunzi amemchagulia mambo machache kati ya maelfu, na yale yaliyochaguliwa yote yana maana. Akiambiwa kwamba mtu fulani alitabasamu alipokuwa akimkaribisha mgeni, msomaji hujua kuwa tabasamu hilo litakuja kuwa na neno mbele. Mhusika, kwa upande wake, yumo bondeni. Siku yake ina watu mia, tabasamu mia, na maneno yasiyo na hesabu. Hakuna anayemnong'oneza kuwa hili ndilo la kushika na lile ni la kupuuza.

Mfano ulio bora zaidi tunaupata katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mtawala wa Roma anaonywa na mtabiri mbele ya watu. Mkewe anaota ndoto mbaya na kumsihi asitoke nyumbani. Na asubuhi ya kuuawa kwake, mtu mmoja anamfikia njiani na barua yenye majina ya wote waliokula njama. Barua haisomwi. Tena haisomwi kwa sababu ya heshima: mtawala asema kwamba jambo linalomhusu yeye mwenyewe ndilo litakalotazamwa mwisho. Basi siri haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa, imefika, imeshikwa mkononi. Kilichokosekana ni kusomwa.

Barua hiyo ndiyo itakayotuongoza tunaporudi mjini kwetu.

USUMBURA MWAKA 1961

Wakati huo mji wetu uliitwa Usumbura, nao ulikuwa makao makuu ya utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi, nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, akapelekwa Ubelgiji kwa masomo zaidi, na aliporudi hakuridhika kukaa katika kivuli cha baba yake. Mwaka 1957 alishughulika na ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na katika kazi hiyo alipata marafiki wengi miongoni mwa watu wa Buyenzi na wa mtaa ulioitwa Belge, ambao ndio Bwiza ya leo. Wengi wa wachuuzi na wenye maduka hao walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Kwa hiyo si ajabu kwamba chama chake cha UPRONA kilipopata nguvu mjini, lugha yetu ilikuwa mojawapo ya lugha za mikutano na za barazani.

Wapinzani wake wakubwa walikuwa wakuu wa chama cha PDC, yaani Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo. Miongoni mwao walikuwa Joseph Biroli na ndugu yake Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa chifu mashuhuri Pierre Baranyanka. Hapa msomaji asiye Mrundi yampasa aelezwe jambo moja. Rwagasore na wana wa Baranyanka wote walikuwa Baganwa, yaani watu wa uzao wa kifalme. Rwagasore alikuwa wa tawi la Abezi, nao walikuwa wa tawi la Abatare. Ushindani wa matawi hayo ulikuwa wa vizazi vingi kabla ya kuwapo chama chochote cha siasa. Walijuana tangu utoto, walihudhuria sherehe moja, na walizungumza lugha moja ya adabu.

Serikali ya Ubelgiji haikuficha ni upande gani iliupendelea. Wakati wa uchaguzi wa mitaa mwishoni mwa mwaka 1960, Rwagasore aliwekwa kizuizini, na PDC ikashinda. Mwanzoni mwa 1961 iliundwa serikali ya mpito, ambamo Ntidendereza alipewa wizara ya mambo ya ndani. Lakini Umoja wa Mataifa ulishikilia kwamba uchaguzi wa bunge ufanywe chini ya macho yake. Tarehe 18 Septemba 1961 wananchi walipiga kura, na UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Siku kumi baadaye, tarehe 28 Septemba, Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Alishika kazi hiyo kwa muda wa majuma mawili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, pamoja na wenziwe. Risasi ilipigwa kutoka nje gizani. Aliyeipiga alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis.

LILILOFICHULIWA UPESI

Sasa naomba msomaji alitazame kwa makini jambo ambalo husimuliwa haraka haraka na kupitwa. Wauaji hawakuchukua miezi kupatikana. Katika siku chache tu Kageorgis alikuwa amekamatwa, na majina ya wengine yakafuata: Antoine Nahimana na Jean-Baptiste Ntakiyica, waliohusika katika utekelezaji, Michel Iatrou, mfanyabiashara wa Kigiriki aliyekuwa mwajiri wa Kageorgis, na juu yao Ntidendereza na Biroli wenyewe.

Tuyapime maneno hayo. Njama iliyohusisha watu wengi, wa mataifa mawili, wenye magari na silaha na mazungumzo, ilitungwa na kukamilika bila kuzuiwa. Kisha, mara baada ya tendo, ikafunuliwa kama mkeka uliokunjuliwa. Polisi walikuwa wale wale. Mji ulikuwa ule ule, tena mji mdogo ambamo watu walijuana. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu aliyeuliza. Jambo linaloweza kujulikana kwa siku chache baada ya mauti halikuwa limefichwa chini ya ardhi kabla ya mauti. Lilikuwa juu ya meza, kama ile barua ya Roma, likingoja kusomwa.

Basi kwa nini halikusomwa? Naona sababu nne, na kila moja ina mwenzake katika hadithi tunazosomesha.

KELELE

Sababu ya kwanza ni kelele. Watu hudhani njama hujificha katika ukimya, lakini mahali pake pazuri zaidi pa kujificha ni katika makelele. Kampeni za mwaka 1961 zilijaa matusi, vitisho na uvumi. Kila upande ulisema kwamba mwingine una nia ya kuua. Katika hali hiyo, onyo la kweli halina alama ya kulitofautisha na maonyo ishirini ya uongo. Mtu anayesikia kila siku kwamba atauawa, na kila asubuhi akaamka salama, hujifunza kutokana na asubuhi zile. Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Usemi huo ni wa hekima, ila hautuambii lini, wala kwa njia gani. Mtu hawezi kulala mvunguni kwa sababu ya kila neno lisemwalo sokoni.

Tena, wakati huo kulikuwa na mfano uliokuwa karibu mno. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na habari za kifo chake zilitangazwa mwezi uliofuata. Kutoka ufuko wa Usumbura milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa. Hakuna mwanasiasa wa mji huu ambaye hakujua lililompata waziri mkuu aliyechukiwa na wenye nguvu. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba jambo hilo halikufikirika. Lilifikirika sana, na pengine kwa sababu hiyo lilizoeleka.

MASIKIO YA DOLA

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu, lakini nchi haikuwa na uhuru bado. Polisi, upelelezi na ulinzi wa usalama vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Alikuwa na kiti bila kuwa na masikio. Kama neno lingesikika katika ofisi fulani, lingesikika na watu ambao kazi yao haikuwa kumtumikia yeye.

Na neno lilisikika. Kwa mujibu wa maelezo ya baadhi ya maofisa wa Kibelgiji, muda mfupi baada ya uchaguzi kulifanyika mkutano ambamo Rezida wa Ubelgiji katika Burundi, Roberto Régnier, alisema kwamba Rwagasore hana budi kuuawa. Jambo hilo lilibaki katika mafaili kwa miaka mingi, na mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte amelieleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2021. Régnier hakuhukumiwa na mahakama yoyote kwa mauaji hayo, na wanahistoria wanabishana kama maneno yale yalikuwa amri, ushauri, au hasira ya mtu aliyeshindwa. Kwa hoja yetu ubishi huo hauna haja ya kwisha. Lililo muhimu ni kwamba kulikuwa na watu mezani, wenye masikio mazuri, waliosikia. Tuchukue hata ile maana iliyo nyepesi kuliko zote, kwamba yalikuwa maneno ya hasira tu. Je, hakukuwa na hata mmoja aliyeona kuwa yampasa mwenye kutajwa aonywe na kulindwa? Kila mmoja aweza kujitetea kwamba hakudhani ni kweli. Ukimya wa namna hii hauhitaji kiapo, wala damu, wala mkutano wa usiku kama katika ngano. Wahitaji tu watu wanaoona kuwa jambo lile si lao.

Historia ya baadaye ya nchi yetu imelirudia somo hili kwa namna iliyo chungu. Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais tarehe 1 Juni 1993. Tarehe 3 Julai, kabla hajaapishwa, kulikuwa na jaribio la kijeshi la kumzuia, nalo lilijulikana na kushindwa. Onyo liwe wazi kuliko hilo namna gani? Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule aliuawa na askari wa jeshi lililopaswa kumlinda. Yeye alijua. Lakini kujua hakumfai mtu ambaye ufunguo wa mlango wake uko mkononi mwa anayemwinda.

WATU WA NYUMBA MOJA

Sababu ya tatu imo katika methali inayojulikana na kila mtoto: kikulacho ki nguoni mwako. Twaitumia mara nyingi kana kwamba maana yake ni kuwa mtu ajihadhari na jamaa zake. Maana yake ya ndani ni kwamba ukaribu wenyewe ndio unaozuia kuona. Hasidi na Mwivu hawakuwa na haja ya kujificha kwa Adili, maana undugu ulikuwa umewafunika tayari. Chuki yao ilionekana kama ugomvi wa kawaida wa ndugu, ambao kila nyumba inao.

Vivyo hivyo, ushindani wa Abezi na Abatare ulikuwa wa zamani sana hata watu wakaamini kwamba wanaujua mpaka wake. Ugomvi wa Baganwa ulikuwa na desturi zake: kunyang'anyana vyeo, kusengenyana mbele ya Mwami, kutafuta upendeleo wa Mzungu. Watu walipoona hasira ya wana wa Baranyanka baada ya kushindwa kwa viti 58, waliona jambo walilolizoea. Hawakuona kuwa mwaka 1961 kushindwa kulikuwa na maana mpya. Zamani aliyeshindwa alingoja zamu yake. Sasa uhuru ulikuwa mlangoni, na aliyeshindwa aliogopa kwamba zamu haitakuwapo tena. Ugomvi wa kale ulikuwa umevaa nguo zake za kale, lakini ndani yake mlikuwa na mtu mwingine.

WEMA

Sababu ya nne ndiyo ngumu kuisema darasani, kwa sababu yaweza kueleweka vibaya. Ni wema wa mtu mwenyewe. Mtawala wa Roma aliahirisha barua iliyomhusu. Adili aliwasamehe ndugu zake kwa sababu kusamehe ndiko kulikomfanya awe Adili. Rwagasore alikuwa ameshinda kwa kuwaunganisha watu wa makabila na matabaka mbalimbali chini ya jina la Mwami na taifa. Baada ya ushindi aliwataka wafuasi wake wadumishe amani na wasilipize kisasi. Kiongozi wa namna hiyo angewezaje kuwazungushia wapinzani wake wapelelezi na kula chakula chake nyuma ya ukuta? Angefanya hivyo, angeishi, ila siasa yake ingekufa. Katika mkahawa wa Hoteli Tanganyika aliketi kama raia yeyote, mahali ambapo mtu aliye nje aliweza kumwona.

Siandiki haya ili kuufanya uzembe wa ulinzi kuwa fadhila. Naandika ili tuache kuwacheka wahusika wa hadithi. Mtu anayeishi kwa kuamini watu hulipa gharama, na mara moja moja gharama hiyo ni uhai wake. Ila mtu anayeishi kwa kutomwamini yeyote huwalipisha wengine. Historia yetu imetuonyesha pande zote mbili.

GHARAMA YA PILI

Mashitaka ya wauaji wa Rwagasore yalipitia mahakama mbili. Chini ya utawala wa Ubelgiji, Kageorgis alihukumiwa kifo na kuuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine walipewa vifungo. Baada ya uhuru kesi ilifunguliwa upya mbele ya mahakama ya Burundi, na Januari 1963 Ntidendereza, Biroli, Nahimana, Ntakiyica na Iatrou walinyongwa hadharani Gitega. Wabelgiji waliokuwa nyuma yao, kama walikuwapo, hawakufikishwa mbele ya mahakama hiyo wala nyingine.

Hesabu ya waliokula njama ilikuwa kwamba Rwagasore akifa, UPRONA itasambaratika. Wao wenyewe hawakufaidi lolote, lakini katika hesabu hiyo hawakukosea sana. Mkwewe Mwami, André Muhirwa, alishika uwaziri mkuu, Paul Mirerekano naye alidai urithi wa uongozi, chama kikagawanyika. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu aliyekuwa mmoja wa wenzi wa Rwagasore, aliuawa kwa risasi papa hapa Bujumbura, siku nane tu baada ya kuitwa tena kushika kazi hiyo. Safari hii njama haikufunuliwa kwa siku chache. Watu walikamatwa, kesi ikaenda miaka, na mwisho hakuna aliyepatikana na hatia.

Linganisha mauaji haya mawili. La kwanza lilipata jibu upesi, kwa kuwa nchi yote ilitaka jibu na Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitazama. La pili lilikosa jibu, na mahali pa jibu pakajaa tuhuma. Tangu hapo neno njama likawa chombo cha kutawalia. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, wanasiasa na askari wengi Wahutu waliuawa. Mwaka 1969 zikatangazwa njama tena, na mwaka 1971 wanasiasa wa Kitutsi kutoka maeneo yasiyopendwa na wenye madaraka wakashitakiwa vile vile. Kisha ukaja mwaka 1972, ambao Warundi huuita ikiza. Yalitokea maasi kusini mwa nchi mwishoni mwa Aprili, na watu wakauawa huko. Lakini adhabu ikawaangukia Wahutu wa nchi nzima ambao hawakuwa wamesikia habari za maasi hayo hata kidogo: makarani, mapadri, wafanyabiashara, wanafunzi, na walimu. Waliitwa kwa majina madarasani wakapandishwa malori. Kosa lao lilielezwa kwa neno moja tu, njama, nalo halikuhitaji ushahidi, kwa kuwa watu walikuwa wamefundishwa kwamba kutoonekana kwa ushahidi ndiyo dalili ya ustadi wa wala njama.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapopata uzito wake. Tukimfundisha kwamba Adili alikuwa mjinga kwa kuwaamini ndugu zake, tumemfundisha pia, bila kukusudia, kwamba mwerevu ni yule anayewaona Hasidi na Mwivu katika kila uso. Katika nchi yetu somo hilo limekwisha jaribiwa. Halikuzuia njama hata moja ya kweli. Waziri mkuu, mawaziri na marais waliendelea kuuawa au kupinduliwa, na katika vumbi la tuhuma za uongo njama za kweli zilipita kwa urahisi zaidi kuliko zamani.

WAJIBU WA MWALIMU

Nini basi tuwaambie wanafunzi? Naona yafaa tuwahamishe kutoka swali la kwa nini mhusika hakuona, tuwapeleke kwenye swali la nani alisikia na akafanya nini. Katika Adili na Nduguze, siri ya nyani wawili wanaopigwa kila usiku haikufichuliwa na askari wala mganga. Ilifichuliwa kwa sababu mgeni mmoja, Ikibali, mjumbe wa mfalme, aliona jambo la ajabu usiku, na hakulimeza. Alilipeleka kwa mfalme wake. Naye Mfalme Rai hakutoa hukumu kwa kusikia tu. Alimwita Adili aeleze mbele yake, na kitabu karibu chote ni maelezo hayo. Shaaban Robert ametupa humo utaratibu kamili: aliyeona aseme, aliyeambiwa aulize, aliyeulizwa apewe nafasi ya kujibu. Usumbura ya Septemba 1961 ilikuwa na wasikiaji wengi bila Ikibali hata mmoja. Burundi ya mwaka 1972 ilikuwa na wasemaji wengi bila Mfalme Rai.

Zoezi moja nimelijaribu darasani nikaliona lina faida. Wanafunzi hugawanywa kwa makundi, na kila kundi hupewa mtu mmoja: karani aliyekuwapo mkutanoni, mhudumu wa hoteli, dereva, mwenye duka aliyeona wageni wakiingia na kutoka. Kila kundi huandika nini mtu huyo aliweza kujua kabla ya tarehe 13 Oktoba, na nini kilimzuia kusema. Wanapomaliza, darasa huwa kimya. Hawaulizi tena kwa nini Rwagasore hakuona. Wanauliza wangefanya nini wao.

Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya mji, na kila tarehe 13 Oktoba taifa humkumbuka. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji rasmi kwa kifo chake, na mafaili ya zamani yameendelea kusomwa. Ni jambo jema kwamba barua inasomwa, ijapokuwa imechelewa. Ila barua za namna hiyo huandikwa kila kizazi, na hupitia mikononi mwa watu wa kawaida kabla hazijafika, au hazijakosa kufika, kwa anayehusika. Wanafunzi wetu ndio watakaokuwa makarani, madereva na wahudumu wa kesho. Tuwafundishe kusoma.